Tufikishe, Usituwahishe

Neno mwendo ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Mwendo ni umbali: watu husema mwendo wa siku mbili, wakimaanisha nchi inayopaswa kuvukwa. Mwendo ni kasi: chombo kina mwendo au hakina. Na mwendo ni tabia: mtu husifiwa kwa mwendo wake mwema, au huonywa aubadili. Kiswahili kimeziacha maana hizo tatu zikae chumba kimoja, kana kwamba wahenga walikwisha kujua kuwa jinsi mtu anavyokwenda ndivyo alivyo. Atakaye kuziona zikigombana hadharani na aende Ufipa, apande Hiace ya asubuhi kutoka Laela kwenda Sumbawanga, akae nyuma ya dereva, na autazame mshale wa spidi.

Ufipa ni uwanda wa juu uliosimama baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maji ya maziwa hayo yako kwenye kimo cha mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga umekaa kwenye mita zipatazo 1,800. Mtu wa mwambao aliyezoea kulowa jasho hushangaa kuona, mwezi wa Juni na wa Julai, watu wakitoka asubuhi na makoti na mablanketi mabegani. Nchi ni ya nyasi na mashamba: mahindi, maharage, ulezi, alizeti. Katika sehemu nyingi miti ni haba, na upepo wa kiangazi hauna wa kuuzuia.

Kwa miaka mingi njia ya kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 223, ilikuwa ya udongo na changarawe. Kiangazi ilikuwa vumbi, wakati wa mvua ilikuwa tope, na msafiri hakuuliza atafika saa ngapi, bali kama atafika leo. Lami yake ilitokana na mkataba uliotiwa saini Februari 2008 baina ya Tanzania na shirika la serikali ya Marekani liitwalo Millennium Challenge Corporation, mkataba wa dola milioni 698. Msomaji wa visiwani ana udugu na barabara hiyo pasipo kujua: ni mkataba huo huo uliotengeneza barabara za vijijini Pemba, na uliolaza waya wa umeme chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Unguja. Hivyo mwanga wa taa fulani ya Unguja na weusi wa lami ya Laela vimetoka mfuko mmoja.

Madereva walipoiona lami waliiita mkeka. Jina lilistahiki. Baada ya miaka ya kurushwa rushwa, gari liliteleza bila ya kelele, na chai ya abiria ilibaki ndani ya chupa. Lakini mkeka huo uliondoa jambo moja ambalo hakuna aliyelililia wakati ule. Zamani barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimshika dereva mkono. Mashimo yalikuwa sheria, na tope lilikuwa askari asiyechukua chochote. Lami ilipokuja, kazi ya kumzuia dereva ilibaki kwa dereva mwenyewe.

Dereva anayesimuliwa hapa ni mtu wa makamo, mzaliwa wa uwanda huo huo, aliyeanza kazi akiwa utingo wa malori ya mahindi na baadaye akapata leseni na kukabidhiwa Hiace ya tajiri mmoja. Jina lake halina haja. Wenziwe ni wengi, na habari yake ni yao. Miaka ile ya mwanzo ya lami alikuwa kijana wa mkeka. Kutoka Laela hadi Sumbawanga ni kilomita zipatazo 95, na yeye alijivuna kuzimaliza kabla redio haijamaliza kipindi. Mshale ulikaa kwenye 110, na palipokuwa pameteremka kidogo ulifika 120. Abiria vijana walimsifu. Wazee walishika kiti cha mbele na kunyamaza.

Siku moja bibi mmoja aliyepandia Mpui, mwenye kapu la mayai magotini, hakunyamaza. Kijana yule alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia marahaba. Gari lilipokwisha kushika kasi akamgusa bega na kusema, "Mwanangu, tufikishe. Usituwahishe." Dereva alicheka, akajibu, "Haya, bibi," akapunguza kidogo mpaka bibi alipoteremka, kisha akarudi kwenye 110. Kwake yeye kufika na kuwahi vilikuwa kitu kimoja. Ilimchukua miaka kutambua kwamba bibi alikuwa ametofautisha vitenzi viwili kwa umakini ambao mshairi angeuonea wivu. Kufika ni kuimaliza njia. Kuwahi ni kushindana na saa. Mtu aweza kushinda saa na asiimalize njia.

Somo lilikuja kwa njia ya msiba. Mdogo wake alikuwa deiwaka, yaani dereva wa kushikia gari la mwenziwe siku moja moja. Siku hiyo alishikia Hiace iliyojaa abiria, na juu ya keria kulikuwa na magunia ya maharage. Tairi la nyuma lilipasuka gari likiwa katika kasi kubwa. Waliosalimika walisema gari lilitikisa mkia mara mbili, deiwaka akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na hapo likalala ubavu na kubingirika. Yeye na abiria wawili hawakufika.

Matangani watu walisema yale yasemwayo. Mmoja akasema, ajali haina kinga, na wote wakaitikia ndiyo. Pembeni, kwa sauti ya chini, wengine wakanong'ona juu ya mkono wa mtu. Wenyeji hulifasiri jina la Sumbawanga, kwa Kifipa, kuwa ni amri: tupa uchawi wako. Hata hivyo, katika mji wenye jina hilo, wanga walitajwa kabla ya tairi kutajwa. Dereva alisikiliza kauli zote mbili, ya ajali isiyo na kinga na ya mkono wa mtu, na siku ya nne akaenda mahali gari lilipovutwa, akalitazama tairi kwa macho yake.

Alichokiona si kigeni kwa fundi yeyote wa matairi. Lilikuwa tairi la mtumba. Ubavuni mpira ulikuwa umechanika nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi. Kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. La mdogo wake lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, na kashata zake zilikuwa bado nzito, kwa hiyo aliyelinunua aliliona jipya. Tairi huzeeka hata lisipotembea. Na likiwa na upepo pungufu, kila mzunguko hulikunja na kulikunjua. Mkunjo huzaa joto, mzigo huliongeza, na kasi huliongeza zaidi. Joto likizidi, tabaka za tairi huachana. Kilichoonekana kuwa ni ghafla kilikuwa kimeandaliwa na vitu vitatu: umri, uzito na mwendo. Kati ya hivyo hapana hata kimoja kisicho na kinga.

Hiace si gari baya. Ni punda wa Afrika ya Mashariki; limebeba wagonjwa, maharusi, maiti na magunia. Lakini umbo lake lina masharti. Ni jembamba, upana wake karibu mita 1.7 tu, na kimo chake ni mita 2 au zaidi. Likiwa tupu, uzito wake hukaa chini. Likijaa watu, uzito hupanda na kusogea nyuma, na mzigo wa keria huupandisha tena. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo juu ya magari ya namna hiyo, yale ya abiria 15: yakibeba watu 10 au zaidi, uwezekano wa kupinduka, ajali ikitokea ya gari pekee, ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa gari lenye watu wasiofika watano. Huko Marekani keria haibebi maharage ya Ufipa.

Washairi wana mizani, na madereva wana mizani. Mshairi akizidisha mizani moja, sikio humkamata. Lori likizidisha tani moja, kituo cha mizani hulikamata. Hiace haiingii mizani, kwa kuwa vituo hivyo vimewekewa magari mazito. Hupita kando, na hapana sikio wala chuma cha kuikamata. Dereva wake hana budi kuwa na mizani kichwani. Tangu msiba ule dereva huyu alikataa magunia juu ya keria kila abiria walipojaa, na aliyesisitiza aliambiwa asubiri safari nyingine. Alijifunza pia jambo ambalo mdogo wake hakufundishwa na mtu: tairi likipasuka, mguu hautafuti breki. Mikono miwili hushika usukani uende moja kwa moja, mguu huachia mafuta taratibu, na gari huachwa lichoke lenyewe.

Kisha akaanza kufanya hesabu, kwa penseli, nyuma ya daftari la mapato. Hesabu hizo hazihitaji chuo. Dereva aliye macho hupoteza kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Kwa mwendo wa 80 kwa saa, sekunde hiyo pekee ni mita 22. Kisha, kwenye lami kavu na breki nzima, gari huhitaji kama mita 36 nyingine lisimame. Jumla ni mita 58. Kwa mwendo wa 100, sekunde ya kushtuka ni mita 28 na breki ni mita 56. Jumla ni mita 84. Mvua ikinyesha, namba zote za breki hurefuka sana.

Tofauti ya mita 26 huonekana ndogo mpaka iulizwe kwa namna nyingine. Mtoto wa shule amesimama katikati ya barabara, mita 58 mbele. Gari la mwendo wa 80 husimama mbele ya magoti yake. Gari la mwendo wa 100, lenye breki zile zile na dereva yule yule, hupita mahali hapo likiwa bado na mwendo wa karibu 70. Sababu ni kwamba nguvu iliyomo ndani ya gari haipandi sawa na mshale. Mwendo ukiongezeka kwa robo, nguvu ya kuvunjwa na breki huongezeka kwa zaidi ya nusu. Mshale husema robo, na mwili wa mtoto hukutana na hicho kinachozidi nusu. Dereva alipoipata hesabu hiyo aliirudia mara tatu, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayoamuru 50 kwa saa penye makazi ya watu na 80 kwa magari ya uzito unaozidi kilo 3,500, ilimwonekania tangu siku hiyo si kama kero ya trafiki bali kama kauli ya mtu aliyepiga hesabu kabla yake.

Mtu wa jahazi atauliza juu ya upepo, na ana haki. Kwa nahodha, upepo ni mshahara usiolipwa: kusi au kaskazi ikivuma, chombo hutembea bila ya gharama. Kwa dereva mambo yamegeuzwa. Hata siku ya shwari, gari hujitengenezea upepo wake wa mbele, na kila hatua huununua kwa mafuta. Upepo huo nao hufuata kanuni ile ya breki: kutoka 80 hadi 100, nguvu yake huongezeka kwa zaidi ya nusu, kutoka 80 hadi 120, huwa zaidi ya mara mbili. Hiace ina uso mpana uliosimama kama mlango, na mlango hauchani upepo, huusukuma. Keria yenye mizigo ni tanga lililowekwa kinyume.

Uwanda wa Ufipa una fumbo lake hapo. Kwenye kimo cha mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya sita kuliko ya pwani. Upepo wa mbele ni mwepesi zaidi, na gari huteleza vizuri. Lakini injini nayo ni tanuri. Hula hewa pamoja na mafuta, na isiyo na tabo hukosa moja ya sita ile ile ya pumzi. Wafipa wa zamani waliijua vyema siasa ya hewa na moto. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wahunzi wao waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo zilizoitwa malungu, zenye kimo cha mita kama 3, zilizovuta hewa zenyewe kwa urefu wake pasipo mtu kupuliza mivukuto. Mhunzi hakuulazimisha moto; aliujengea nyumba na kuungoja. Dereva mwenye kukanyaga mafuta mpaka chini kwenye mwinuko, injini ikitoa moshi mweusi, anachoma mafuta ambayo hewa ya kuyachoma haipo. Moshi ule mweusi ni fedha iliyokosa kazi.

Kwa jumla, kwa makadirio ya kawaida ya gari la umbo na uzito huo, kutoka 80 hadi 100 huongeza kazi ya kulisukuma kwa takriban robo. Gari linalokunywa lita 10 kutoka Laela hadi Sumbawanga litadai lita 12 na kitu. Kwa safari nne za siku, ni lita 8 hadi 10 zilizopeperuka. Na zimenunua nini? Kilomita 95 kwa mwendo wa 80 ni dakika 71. Kwa 100 ni dakika 57. Faida ni dakika 14, endapo barabara ingekuwa tupu toka mwanzo hadi mwisho. Lakini barabara ina matuta, ina vijiji vya 50, ina ng'ombe, ina abiria wa kushusha, na kila kimojawapo humega dakika hizo. Dereva akiwahi kwa dakika 10 ameshinda vyema. Kisha anaingia stendi, naye hukaa saa nzima akingoja gari lijae.

Mtu akisoma hapa atasema madereva ni wajinga. La hasha. Yapo mambo mawili ya haki yanayowasukuma, na mtetezi wa mwendo wa pole asipoyataja hatasikilizwa. La kwanza ni hesabu ya tajiri. Kila jioni kiasi kilichopangwa hupelekwa kwake, gari liwe limejaa au halikujaa, na kinachobaki ndicho cha dereva na konda wake. La pili ni abiria wa njiani. Magari mawili yakifuatana, la mbele ndilo litakalowaokota waliosimama Mpui, na la nyuma litaokota vumbi. Wahenga, ambao hawakuacha upande wowote bila ya wakili, wamesema kawia ufike. Lakini pia wamesema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Dereva anayekimbia hafukuzi saa. Anafukuza abiria watatu walio kilomita 20 mbele, na ndani ya abiria hao mna ada ya mtoto wake.

Dereva huyu alikwenda na daftari lake kwa tajiri. Alimwonyesha lita za wiki mbili za kukimbia na lita za wiki mbili za mwendo wa 80. Alimwonyesha bei ya matairi na ya breki. Hakutaja mdogo wake. Akaomba jambo moja: kile kitakachookolewa kwenye mafuta kihesabiwe ndani ya hesabu ya jioni, ili mwendo wa pole usimfanye mdaiwa. Tajiri, ambaye ni mtu wa biashara na si mtu wa mahubiri, alizitazama namba kwa muda, akakubali kwa majaribio. Majaribio hayo hayajafutwa. Zipo siku hesabu hupungua, na siku hizo nyumbani hujulikana kwa aina ya mboga. Vijana wa stendi walimpa jina la Kobe, na abiria wenye haraka humpita wakaenda gari jingine. Wanaomchagua ni wenye mayai, wenye nyanya, wenye watoto wachanga, na wale waliowahi kuzika.

Wapo wanaotafuta uchumi kwa mlango mwingine, nao una hatari zaidi. Kutoka uwandani barabara huteremka kwenda Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na kimo kinachopotea ni karibu mita 1,000. Madereva kadhaa huweka gia huru hapo wakiamini wanabana mafuta. Wanajidanganya mara mbili. Injini nyingi za leo, gari likiteremka ndani ya gia na mguu haupo kwenye mafuta, hujikatia mafuta zenyewe. Kwenye gia huru hulazimika kuyanywa ili zisizimike. Na gari la tani 3 linaloteremka mita 1,000 huachia joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji ya baridi. Dereva aliyeingia gia ndogo huipa injini sehemu ya joto hilo ilibebe. Aliyeweka gia huru amezipa breki zote, na breki zikizidiwa, mguu huzama na gari haliulizi. Wazee wa malori walikuwa na kanuni fupi kwa vijana wao: teremka kwa gia uliyopandia. Dereva huyu aliisikia akiwa utingo wa miaka 17, akaielewa akiwa na miaka 40.

Askari wapo, na tochi zao zipo, zile mashine za kupimia mwendo zinazoshikwa mkononi. Lakini madereva nao wana lugha yao ya taa: anayetoka mbele humulika mara mbili, na anayekuja hupunguza mpaka ampite trafiki, kisha hurudisha mshale pale pale. Udugu huo ni mzuri kwa sura. Kwa ndani unampokonya mtoto wa shule wa kijiji kinachofuata. Mabasi makubwa yamefungwa vidude vinavyotoa habari za mwendo wake hadi ofisini, na tangu mwaka 2023, ilipoondolewa amri iliyoyazuia mabasi kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, umuhimu wa vidude hivyo umezidi. Lakini chombo cha kumlinda mtu kikiwa nje ya mtu, mtu hujifunza kukikwepa. Ndipo maana ya tatu ya neno mwendo inapodai nafasi yake. Kasi yaweza kupimwa kwa tochi. Tabia haina tochi.

Yapo magari mengi uwandani yenye maneno kwenye kioo cha nyuma, kama kanga zilivyo na majina. Mojawapo liliandikwa Kawia Ufike kwa herufi nyekundu. Asubuhi moja ya Julai gari hilo lilimpita dereva wa Laela kama mshale, na herufi zake zikapotea kabla abiria wa mbele hajamaliza kuzisoma. Konda wake, kijana mpya, alifyonza na kusema, "Mzee, wale wa Mpui wote wamekwenda." Naye akajibu, "Wamekwenda, mwanangu. Tuombe wafike."

Walifika. Si kila hadithi ya mwendo huishia mtaroni, na mwenye kudai hivyo huwapa vijana sababu ya kucheka. Hiace ya Laela ilipoingia stendi ya Sumbawanga, ile ya herufi nyekundu ilikuwa pale, milango wazi, viti vitupu, konda wake akiita abiria kwa sauti iliyokauka. Ilikuwa imewahi kwa dakika kumi na mbili, na ilikuwa ikizitumia kusimama.

Abiria waliteremka mmoja mmoja, wakidai makapu na masanduku yao. Hakuna aliyetoa shukrani kwa sababu ya kutokufa. Si ada ya watu kushukuru kwa lisilotukia, na hiyo ndiyo taabu ya kazi ya dereva mwema, kwamba matunda yake hayaonekani. Gari lilipobaki tupu alilizunguka kama afanyavyo kila safari. Akaweka kiganja kwenye tairi la mbele kulia, la mbele kushoto, la nyuma kulia. Kwenye la nyuma kushoto, upande ule uliompasukia mdogo wake, kiganja kilikaa muda mrefu kidogo. Joto lilikuwa la kawaida. Akajifuta mkono kwenye suruali, akamwambia konda aite watu wa Laela.